Muziki Uliovuka Ukuta

Filbert alikuwa ameishi miaka kumi na minne katika chumba kimoja cha kupanga pale Ilala, na muda wote huo waliomgongea mlango walikuwa mwenye nyumba tu na watu waliokosea chumba. Siku za kazi alishinda Kariakoo, akifunga marobota ya vitenge kwenye ghala la jumla. Jumapili hakutoka. Alichukua CD moja kutoka kwenye boksi la viatu, akaifuta kwa shati, akaitia kwenye deki. Alikuwa nazo sitini na kitu: dansi, rumba, kwaya za kwao Mbinga.

Mwezi wa sita mpwa wake Vicky alikuja kumsalimia, akaliona lile boksi.

"Mjomba, bado unahangaika na hivi visahani?" Akamwonyesha namna ya kupata nyimbo kwenye simu, akamwachia na hedifoni.

Kweli nyimbo zilikuwemo, tena safi, hazina mikwaruzo. Wiki iliyofuata Filbert akabeba deki na boksi hadi Buguruni kwa Mrisho, fundi redio, akamwambia avichukue tu, yeye anataka nafasi. Nafasi ikapatikana. Akaweka ndoo ya maji.

Jumapili ya tano tangu deki iondoke, amejilaza na hedifoni masikioni, akaona mlango unatikisika. Alipofungua akamkuta Badria, fundi cherehani wa chumba cha pili. Kwa miaka saba walikuwa wakisalimiana koridoni, basi.

"Kumbe upo! Nimegonga mpaka mkono unauma. Nikajua umehama, kaka Filbert, au unaumwa."

"Nipo. Kuna nini?"

"Mbona siku hizi huweki muziki? Mimi nguo za wateja nazipiga pasi na nyimbo zako. Ule wa magitaa, unaokwama katikati! Ukikwama tu, nageuza nguo." Akacheka. "Nimekuja kuaga. Nahamia kwa dada yangu, Kigamboni. Gari liko nje."

Filbert akambebea cherehani mpaka kwenye kirikuu kilichobeba mizigo yake. Alitaka kumwambia kwamba hakujua kama kuna mtu anasikia muziki wake, lakini dereva alikuwa anapiga honi, na Badria alikuwa anahesabu masufuria yake. Gari likaondoka. Namba yake ya simu hakuiomba.

Kesho yake, alipotoka ghalani, akapitia kwa Mrisho. Deki ilikuwa imeshafunguliwa, vifaa vyake vimehamia kwenye deki ya mtu mwingine. CD zilikuwa bado chini ya meza, zimejaa vumbi.

"Utazipigia wapi sasa, mzee?"

"Nitafutie deki nyingine. Yoyote."

Ilipita wiki tatu ndipo ikapatikana, kuukuu, mfuniko wake umefungwa kwa mpira. Jumapili Filbert akaiwasha, akaongeza sauti, akafungua mlango wazi, akakaa kwenye stuli akitazama koridoni. Chumba cha pili kilikuwa na kufuli. Wapangaji wengine walikuwa kanisani au kwenye mizunguko yao.

Mke wa mwenye nyumba akatokea uani na beseni la nguo.

"Baba, punguza kidogo. Mtoto amelala."

Filbert akapunguza. Mlango hakuufunga.