Mukono ya Kukamua

Mi kazi yangu ni kukanda watu. Niliacha masomo sekondari ya pili, nikaendesha moto, pikipiki ya kubeba watu, nikachoka. Nikakuwa wa kukanda mapaja ya wachezaji wa timu moja ya Majengo, hapa Goma. Njo pale mama Bénita, mwenye salo ya masaji huku Mapendo, aliniona akasema: "Weye kijana, iyo mikono yako iko na akili kupita kichwa. Kuya kazini."

Alinifundisha miezi ine. Sasa nazijua zote. Masaji ya suwedwa, ile ya Waswidi, ni ya kuteleza pole pole, inapumzisha mutu na kutembeza damu, watu wa biro, wenye kukaa kwa kiti siku muzima, njo wanaipendaka. Ile ya ndani, ya kukandamiza na kiwiko, ni ya madereva wa kamyo, juu mabega yao iko kama ukuta. Mawe ya moto ni ya mutu mwenye halalaki: unapasha mawe meusi ya volkano ndani ya maji, unayapanga kwa mugongo, dakika kumi tu anaanza kukoroma. Drenaji ni ya miguu yenye kuvimba. Pale unasukuma kidogo kidogo, ukiweka nguvu umeharibu. Watu wanaingia wamekunjamana, wanatoka wamenyooka. Wengine wanalia kidogo, wanasingizia mafuta imeingia kwenye macho. Mi nawapa kitambaa.

Mutu mumoja tu nilimushindwa. Papa yangu.

Papa Hitimana alichunga ng'ombe kule milima ya Masisi, makumi mbili na tatu, mupaka vita ikazimaliza na siye tukashuka Goma. Mwezi wa kwanza mwaka huu aliamuka upande wa kuume umekufa. Mukono ya kuume ikajifunga ngumi. Mudomo nayo ikabaki na neno moja: "Mm." Unamuuliza kama anasikia njaa, mm. Unamuuliza kama mi ni nani, mm.

Kine wa hospitali, ule wa kunyoosha viungo vya wagonjwa, aliniambia: "Ufungue iyi mukono kila siku. Ikifika Pasaka bado iko hivi, itakauka, na haitafunguka tena." Tulikuwa tumebakiza wiki mbili.

Na niseme ukweli, haikuwa mukono tu nilikuwa nataka. Kule Masisi papa alikuwa ananiitaka toka ngambo ya kilima, sauti inavuka bonde: "Tuyiii!" Jina yangu ni Tuyisenge. Nilikuwa najificha ndani ya majani, najifanya sisikii, juu najua ananiita kukamua. Kukamua kulinishinda. Bihogo, ng'ombe yake ya kwanza, alinipiga teke mara mbili. Papa akacheka mupaka akakaa chini. "Mutoto, weye unakamua kama mwizi. Unavuta. Titi ya ng'ombe haivutwi." Nilikasirika, nikakimbia mulima, nikakimbia masomo, nikakimbia kila kitu. Sasa ile "Tuyiii" naitafuta usiku na muchana. Ninaweza kutoa hata salo muzima, kama ingekuwa yangu, aniite mara moja tu na mi nijibu.

Basi nilimufanyia zote. Suwedwa, bule. Mawe ya moto, alilala vizuri, ngumi ikalala naye. Kila asubui nilikamata vidole vyake kimoja kimoja, ninavuta vifunguke. Vinafunguka kidogo, nikiachilia, tap, vinarudi.

Siku ya mungu moja kisha misa nilikuwa naye kwenye kiti mbele ya mulango, natoka jasho. Mama yangu, mama Mukamugema, alikuwa anamimina mashanza, maziwa ya kuganda, ndani ya vibidoni vya wauzaji. Akaniangalia.

"Wenye kulipa unawalaza," akasema. "Papa yako unapigana naye."

"Mama, kine njo alisema nifungue."

"Kine alisema ufungue. Alisema uvunje?"

"Basi kuya ufanye weye."

"Mi niko na kazi. Na weye uko na haraka. Ulizaliwa na haraka, sikumaliza hata kufika kwa mukeka."

Papa akasema: "Mm." Mama akacheka, ati muzee amekubali.

Saa tisa nilipaswa kufika salo kwa kliyanti, mama mumoja mwenye kuumwa shingo, na shupa ya mafuta ilikuwa imeisha. Nikauliza mama kama hakuna hata mafuta ya kupika, nimalize papa haraka. Akaingia ndani, akatoka na kikopo. Mafuta ya ng'ombe, ya Masisi, yenye anawekaka ya kupakaa watoto wenye homa. Nikachota na vidole viwili. Harufu yake unaijua: maziwa, moshi, na ng'ombe mwenyewe.

Mbele sijamugusa, papa aligeuza kichwa. Pua yake ikafunguka. Nikaona kidole gumba chake kinatetemeka juu ya ngumi.

Nikakumbuka. Kule mulimani, mbele ya kukamua, alikuwa anapakaa ile mafuta kwenye mikono yake yote mbili, pole pole. Halafu anakamata titi. Havuti. Anafunga kidole cha juu, cha chini kinafuata, na kile cha mwisho kinafuata. Halafu anafungua. Myaka makumi ine ile mukono ilifunga kwanza, kisha ikafungua. Na mi niko nailazimisha ianze na kufungua.

Sikuvuta tena. Nilipitisha kidole changu chenye mafuta ndani ya ngumi yake, nikakiacha pale, kinaning'inia kama titi.

Hakuna kitu. Mama akaweka kibidoni chini. Telefone yangu ikalia, kliyanti, nikaiacha ilie.

Halafu nikasikia kidole chake cha juu kinafunga. Kidogo sana, kama mutoto mwenye anashika. Kikafuata cha chini. Ile ya mwisho haikuweza. Na ngumi ikalegea. Ikafungua, yenyewe, nusu. Ikafunga tena.

"Papa," nikasema. "Papa, ni Tuyi."

Macho yake ilikuwa inaangalia mbali, kupita paa za mabati, upande wa kwetu. Mudomo ikahangaika.

"Bi," akasema. "Bihogo."

Mama alijifunika uso na kitenge. Miezi yote nangojea jina yangu, na anaita ng'ombe. Lakini alikuwa anakamua. Na mi najua, nilionaka, ng'ombe ikitembea maziwa inamwangika.

Telefone ililia tena. Mi, mwenye sijawai kukaa mahali pamoja, nilisimama pale kama Bihogo, kidole ndani ya mukono yake. Miguu ikaanza kufa ganzi.

"Mm," nikamujibu.