Sindano na Magoti ya Mdogo Wake

Mtaa mzima ulimwita Sindano, na mwenyewe alilipenda jina hilo. Alikuwa fundi wa magauni ya harusi, mwanamke aliyekwisha kuvuka miaka sitini, mwembamba kiasi kwamba alipopita kati ya meza ya kukatia na cherehani hakuhitaji kujipinda. Sketi za ujanani bado zilimkaa sawasawa. Wateja walimtolea mfano kwa binti zao: mtazameni mama huyu, uzee haujamgusa.

Hawakujua kwamba wembamba ule ulitokana na woga. Mama yake alikuwa mtu wa mwili, na mwishoni magoti yalimgomea kabisa. Akaanza na mkongojo, akahamia kwenye kiti, akaishia kitandani. Sindano ndiye aliyekuwa akimgeuza, ubavu huu na ubavu ule, huku akisikia mgongo wake mwenyewe ukilia. Walipokwisha kumzika, alijiapiza kwamba yaliyompata mama yeye hayatampata. Tangu hapo chakula chake kikawa chai na kipande cha mkate asubuhi, na mboga za majani jioni. Nguo zikimlegea kiunoni, alifurahi kama mtu aliyeshinda kesi.

Aliishi na mdogo wake, mpishi wa shule ya bweni, aliyelichukua umbo la mama yao bila kubakiza kitu. Mpishi alikuwa na mikono ya kunyanyua sufuria za bweni zima, lakini magoti yalikuwa yameanza kumtesa. Ngazi alizishuka kiubavu, hatua kwa hatua, akiushika ukuta. Kila alipojipakulia mara ya pili, Sindano alimtazama tu, na Mpishi aliyaelewa macho yale vizuri. Alimwomba dada yake asimhesabie matonge, kisha akaendelea kula.

Asubuhi moja Sindano alipanda juu ya stuli kuteremsha jora la satini. Jora likamwelemea, naye akadondoka. Hakudondoka kwa kishindo; fundi mwenzake aliyekuwa akipiga pasi alisimulia baadaye kwamba alidhani mama kaamua kukaa chini. Lakini alikuwa amejizuia kwa mkono, na mfupa wa kifundo cha mkono ukakatika kama kijiti kikavu.

Hospitalini alitibiwa na daktari wa mifupa, mwanamke wa makamo asiyependa maneno mengi. Daktari alisema anguko dogo namna ile halikupaswa kuvunja kitu. Akamfunga plasta, kisha akamwandikia kipimo cha kuangalia uimara wa mifupa. Majibu yalipotoka, akawaita ndani wote wawili, yeye na Mpishi aliyemsindikiza.

"Mama, wewe si mzito, hilo kweli," alisema. "Ila misuli huna, na mifupa yako imepungua nguvu. Mfupa hujengeka ukivutwa na misuli na ukibebeshwa mzigo. Wa kwako umekaa miaka bila kuvutwa, na chakula chenyewe huupi."

Sindano alikasirika. Alijibu kwamba mama yake alimalizwa na unene, tena mbele ya macho yake, na yeye hakutaka kufa kifo kile. Daktari hakubishana naye. Alieleza taratibu kwamba uzito mwingi huyaumiza magoti, hilo halina ubishi, lakini goti halisimami peke yake. Hushikiliwa na misuli ya mapaja. Mtu akiumwa huacha kutembea, misuli ikanywea, goti likakosa wa kulisaidia, maumivu yakazidi, naye akazidi kukaa. Kisha akamgeukia Mpishi, aliyekuwa akijifanya anasoma bango ukutani.

"Na wewe unayechechemea, hili linakuhusu."

Walirudi nyumbani. Sindano alikuwa amewapima watu maisha yake yote, kifua, kiuno, nyonga, na aliweza kumkadiria mtu akiwa bado mlangoni. Sasa aliambiwa kwamba utepe wake ulikuwa ukipita juu juu tu, na kwamba watu wawili wenye kiuno kimoja wanaweza kuwa na miili tofauti kabisa ndani. Jambo hilo lilimsumbua kuliko mkono. Hata hivyo hakubadili chochote. Plasta ilipofunguliwa na mkono ukatoka umenyong'onyea, alisema utapona wenyewe, akarudi kwenye chai yake.

Kilichombadilisha kilitokea bafuni. Jumapili moja alisikia kitu kizito kikigonga sakafu, akakimbilia huko. Mpishi alikuwa ameketi chini, mgongo ukutani, kajifunga khanga, goti limemkwama. Hakuumia popote, ila hakuweza kuinuka. Sindano alimshika makwapani akavuta. Akajaribu kutoka mbele, akajaribu kutoka ubavuni. Mpishi hakusogea hata kidogo. Ni Sindano aliyeanza kutetemeka miguu, mpaka naye akajikuta amekaa kwenye maji kando ya mdogo wake, akihema.

Walitazamana, wakacheka, kicheko cha watu wasio na la kufanya. Wakaita kwa sauti. Jirani yao fundi wa kuchomelea alikuwa ametoka, na mkewe aliyeitikia kutoka uani alisema angemfuata. Wakabaki wakisubiri.

"Mmoja hawezi kuinuka, mwingine hawezi kuinua," Mpishi alisema. "Sasa wewe na huo wembamba wako umenizidi nini, dada?"

Sindano akasema amekuwa akimfikiria mama, jinsi walivyokuwa wakimletea kila kitu pale kitini, maji, chakula, hata kitana, wakimkataza asijisumbue kuinuka.

"Tulimkalisha sisi," alisema.

"Tulimpenda," Mpishi alijibu. "Aliumwa, tukamwambia apumzike. Nani angetuambia vingine?"

Sindano aliinamisha kichwa. Hakulia, lakini Mpishi alimshika mkono ule uliovunjika, akaushikilia mpaka jirani alipofika.

Wiki hiyo hiyo walikwenda wote kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, baba mmoja mcheshi mwenye kitambi. Mpishi hakuvumilia, akamuuliza kama mazoezi anayowapa watu huyafanya na yeye. Baba wa watu akakiri kwamba alianza mwaka jana tu, mgongo ulipomtia adabu. Kwa jibu hilo wakamwamini.

Hakuwapa vitu vya ajabu. Waketi kwenye kiti na kusimama bila kushika popote. Wasukume ukuta. Wainuke kwa vidole vya miguu huku wameshika ukingo wa sinki. Wanyanyue chupa za maji, na zikizoeleka watafute kizito zaidi. Sindano alikatazwa kuinama kuokota mizigo, Mpishi alikatazwa kuchuchumaa mpaka chini. Mayai, maziwa na maharage vikaingia kwenye sahani ya Sindano, na sasa ni Mpishi aliyemtolea macho asipomaliza.

Haikuwa rahisi. Mwanzoni Sindano alishindwa kuinuka kitini bila kujisukuma, akaona aibu kwa kitu ambacho hata mtoto anakiweza. Miezi ilipita, na siku moja zipu ya sketi ikagoma. Alikaa kitandani na sketi mapajani, woga wa zamani umemrudia. Kisha akachukua wembe, akafumua mshono wa pembeni na kuitanua, kama alivyowafanyia wateja miaka nenda miaka rudi.

Kipimo cha pili hakikuleta muujiza. Daktari alisema mifupa haiwezi kurudi kuwa ya msichana, ila kule kupungua kumesimama, na misuli imeongezeka. Kifundo kilibaki na ugumu kidogo. Kazi ya kutunga shanga za magauni Sindano aliiachia wengine. Mpishi alipungua uzito kidogo tu, kiasi ambacho watu hawakukiona, lakini sasa alishuka ngazi akitazama mbele, na shuleni aliacha kutumia kiti alichokuwa akikalia kando ya jiko. Maumivu hayakuisha. Yalikuja siku za baridi, yakaondoka.

Zipo jioni ambazo hakuna anayetaka mazoezi. Hukaa wakitazama runinga, kila mmoja akingoja mwenzake ajifanye amesahau, mpaka mmoja wao anaona haya na kusogeza kiti katikati ya sebule. Mwingine hulalamika kwamba ndiyo kwanza habari zinaanza, kisha naye husimama.