Chupa ya Lebo Kichwa Chini

Kwa miaka ishirini na sita Macho alilipwa mshahara kwa kuangalia. Alikaa kwenye kiti kirefu mwisho wa mtambo wa kiwanda cha bia, mbele ya taa nyeupe, chupa zikipita mbele ya pua yake moja baada ya nyingine, naye akizitoa zenye ufa, zenye uchafu ndani na zenye kizibo kilichokaa upande. Jina alilopewa na wazazi wake lilibaki kwenye kitambulisho tu. Kichekesho ni kwamba bia yenyewe hakuwahi kuionja hata tone. Alisema harufu ilimtosha.

Siku hiyo alikuwa nchi ya watu, raba miguuni, pochi kaibana kwapani, akipanda ngazi za mnara wa saa bila hata kushika ukuta. Nyuma yake alihema mdogo wake, ambaye naye alifanya kazi kwenye kiwanda hicho hicho na kiti hicho hicho, ila zamu ya mchana. Huyu walimwita Kasuku, na kila aliyemsikia akiongea alijua kwa nini.

"Dada, mia mbili na kumi," alisema Kasuku. "Ngazi mia mbili na kumi. Nikifa hapa utanizika na nani?"

"Hufi. Anayekufa hana muda wa kuhesabu ngazi."

Huko juu watalii wengine walipiga picha za mto na daraja. Macho alitafuta bomba la moshi la matofali mekundu, akalipata, na chini yake akaona mtaa wa maduka ya vitu vya zamani, mwembamba, wenye vitambaa vya kivuli vya kila rangi. Walikuwa wamekubaliana hivi: asubuhi ni ya Kasuku na picha zake, mchana ni wa Macho na chupa zake. Kesho yake walikuwa na ndege.

Nyumbani Macho alikuwa na chumba kizima cha mambo ya bia: vizibo kwenye makopo ya maziwa, sinia za mabaa yaliyokwisha kufungwa, vifungulio, vibao vya kuwekea glasi. Lakini hakuvuka bahari kwa ajili ya vizibo. Alifuata chupa moja, na sababu yake ilikuwa na umri wa miaka kumi na tisa.

Mwaka huo ilikuja barua kutoka nchi hii, ambako kiwanda kiliuza bia. Barua ilisema katoni moja imefika ikiwa na lebo zote kichwa chini miguu juu, ikataja tarehe ya kutengenezwa, basi. Chupa hazikurudishwa. Meneja akawaita dada hao wawili ofisini, maana tarehe hiyo kiti cha ukaguzi walikikalia wao tu, mmoja asubuhi, mwingine mchana. Kasuku aliapa kwamba si zamu yake. Macho naye akaapa, ila wiki ile macho yake yalikuwa mekundu kwa ugonjwa, na kila mtu kiwandani alimwona akiyafuta kwa leso. Hukumu haikuchukua hata dakika kumi. Macho alipelekwa kuosha kreti, na huko alikaa miaka sita mpaka alipostaafu. Lile jina lake watu waliendelea kumwita, ila sasa walikuwa wakicheka.

Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuwa na hakika. Macho yale yalikuwa mekundu kweli. Kuna siku, akisugua kreti, alijiambia kwamba pengine ni yeye.

Ushahidi ulikuwepo, kama chupa ingepatikana. Mtambo wao wa lebo ulikata alama ndogo pembeni mwa karatasi: mkato mmoja zamu ya asubuhi, mikato miwili zamu ya mchana. Mteja hawezi kuijua alama hiyo, lakini aliyefanya kazi pale anaiona hata akiwa amesinzia. Na mwezi uliopita, kwenye kundi la simu la wakusanyaji, mtu alituma picha ya rafu katika duka la mtaa huu. Nyuma kabisa ya picha, ukungu mtupu, ilionekana chupa ya kiwanda chao, lebo imepinduka. Kasuku aliposikia safari, alisema dada yake hawezi kwenda ughaibuni peke yake hata kwa dawa.

Waliposhuka mnarani waliingia kwanza chini ya lile bomba, ambako kiwanda cha zamani cha bia cha huko kimegeuzwa makumbusho. Kulikuwa na mitungi ya shaba mikubwa kama vyumba, na mtambo mdogo uliozungusha chupa kumi na mbili kwa ajili ya wageni. Macho alisimama mbele yake, mikono nyuma, kisha akamgusa mtembezaji bega, akamwonyesha chupa mojawapo na kuchora mstari shingoni mwake mwenyewe. Mtembezaji alisimamisha mtambo, akamulika kwa tochi. Ufa ulikuwepo, mwembamba kuliko unywele. Alimpa Macho kibao kipya cha glasi kwa heshima, na Macho akakipokea kama mtu anayepokea haki yake.

"Macho yangu hayana shida," alimwambia mdogo wake walipotoka.

"Hayana, dada," alijibu Kasuku, na kuanzia hapo mpaka mtaa wa maduka hakusema neno. Macho alilishangaa jambo hilo, lakini akadhani ni uchovu wa ngazi.

Duka lenyewe lilikuwa la tatu. Muuzaji, mzee mwenye miwani iliyofungwa kamba, aliwakaribisha kwa kutikisa kichwa na kuendelea kufuta kinanda. Macho alianza na sinia zilizopangwa ukutani, kwa kuwa yeye huanza kushoto na kumalizia kulia, kazi ni kazi. Kasuku alikwenda moja kwa moja kwenye rafu za nyuma.

"Huku hakuna kitu," alisema kutoka kule. "Vyombo vya maua tu. Twende, kuna daraja hatujaliona."

Macho alikuja taratibu. Rafu ilikuwa na vumbi la miezi, limetanda sawasawa, isipokuwa mahali pamoja palipokuwa na duara safi lenye upana wa kitako cha chupa. Aliliangalia duara, akaangalia vidole vya mdogo wake vilivyokuwa na vumbi. Kisha akasogeza jagi la udongo lililokuwa karibu, na nyuma yake akaikuta chupa imesimama, imejaa, haijafunguliwa, lebo kichwa chini.

Kwa mara ya kwanza siku hiyo aliogopa. Aliishika chupa akiwa amefunika lebo kwa kiganja, akatembea nayo mpaka mlangoni penye mwanga, akasimama. Kama ni mkato mmoja, basi walimcheka kwa haki. Alijiambia kwamba ameshavuka bahari, hawezi kushindwa na kiganja chake mwenyewe. Akakiondoa.

Tarehe ilikuwa ile ile. Mikato ilikuwa miwili.

Alimlipa muuzaji bila kubishana, mzee yule akifurahi kwamba chupa yenye kasoro imepata mnunuzi. Nje walikaa kwenye ngazi ya duka, chupa katikati yao. Macho alikuwa na furaha, na alikuwa na hasira, na vyote viwili vilikuja kwa pamoja.

"Ulikuwa unajua," alisema.

"Nilisinzia, dada. Mtoto alikuwa na homa, sikulala siku mbili. Niliposhtuka katoni ilishafungwa, na sikujua ina nini mpaka barua ilipokuja."

"Barua ilipokuja ukaapa."

"Nilikuwa bado kwenye majaribio ya kazi. Mimi wangenifukuza. Wewe nilijua hawakufukuzi, walikuwa wanakutegemea."

"Na majaribio yalipokwisha?"

Kasuku aliangalia viatu vyake. "Kila siku niliyonyamaza ilifanya ya pili yake iwe ngumu zaidi. Ukishapita mwaka, unaanzaje?"

"Miaka sita nimeosha kreti, unapita unanisalimia. Nimefika mahali najishuku mwenyewe. Unajua ilivyo mtu kuyashuku macho yake mwenyewe?"

"Sijui," alisema Kasuku, na alikuwa akilia.

Macho alimwacha alie. Alimpenda, na hilo halikupunguza kitu. Alitoa kitenge kwenye pochi, akaizungushia chupa kama mtu anayemvalisha mtoto mchanga.

"Mwisho wa mwezi chama cha wastaafu kinafungua chumba chetu cha kumbukumbu," alisema. "Hii itakaa pale, mbele kabisa, lebo ikiwaangalia."

"Watauliza, dada."

"Watauliza. Na wewe utakuwa umesimama kando yake, utawajibu."

Kasuku alijifuta uso. Alitazama mtaa juu na chini, kana kwamba kuna mtu angeweza kumsaidia. "Nitawajibu," alisema mwishowe. "Lakini sijui nianzie wapi."

"Anzia kwangu. Mimi mwenyewe sijapewa pole bado."

Kasuku akageuka, akamshika dada yake mkono kwa mikono miwili, na kwa sauti ambayo Macho hakuwahi kuisikia kwake akasema, "Pole, dada. Pole sana."

Macho hakusema kwamba ameshapoa, maana hakuwa amepoa. "Nimekusikia," alisema. Akainuka, akampa mdogo wake mkono ainuke, wakaenda kuliangalia hilo daraja.