Kitasa cha Kioo

Siku Mtaalamu alipong'oa kitasa cha zamani mlangoni kwa mama yao, dada yake alisimama uani mikono kiunoni, akamtazama. Maneno alikuwa nayo, tena ya kujaza karai. Kile kitasa hakikuwa na ubaya wowote. Ubaya, alisema Mtaalamu, ulikuwa kwenye funguo: mmoja kwa dada, mmoja kwa mama, na wa tatu, jamani, kwa fundi viatu wa jirani, eti kwa ajili ya dharura. Nyumba gani hiyo, funguo zinazurura mtaani kama kuku? Akafunga mlango wa chuma, na juu yake akaweka kitasa cha kioo cheusi chenye namba za kugusa, nje na ndani, hata anayetoka azibonyeze. Hizo ndizo bidhaa alizokuwa akiuza, na ndizo zilizompa hilo jina lake.

Dada mtu alikuwa dobi, na Dobi ndilo jina aliloitwa. Alifua na kupiga pasi mashuka ya hoteli, kama mama yake alivyofanya kabla yake. Sabuni kali na dawa ya madoa zilikuwa zimeila ngozi ya vidole vyake hadi ikawa kavu kama gome. Akigusa kioo, kioo kimya. Akirudia, kimya vile vile. Alimweleza mdogo wake siku ile ile ya kwanza. Mtaalamu akacheka, akasema dada unabonyeza kama unasugua kola. Gusa polepole, kama unamgusa mtoto aliyelala. Haya, aambiwe yeye namna ya kumgusa mtoto, na huyo msemaji amelelewa mgongoni kwake. Tangu hapo Dobi akawa anaingia kwa bahati nasibu, leo kwa kidole gumba, kesho kwa ncha ya pua, fundi viatu akimcheka kutoka ng'ambo ya barabara.

Kwa ndani nako kulikuwa na kioo, lakini hakuna aliyemuuliza mama kama kinamsikia. Mama mwenyewe hakulalamika. Ila alikuwa ameacha kukaa barazani asubuhi, na wanawe walipomuuliza, alisema jua la siku hizi kali mno. Waliamini. Mtu mzima akisema jua kali, utambishia nini?

Mchana mmoja Dobi alitoka kazini kumletea mama chakula. Alipofika mlangoni akasikia mguno chini, karibu kabisa, nyuma ya chuma. Akaita. Sauti ya mama ikamjibu kwamba ameanguka na mguu hausogei.

Dobi aliweka chakula chini akaanza kugusa. Kimya. Akafuta kidole kwenye khanga, akagusa. Kimya. Na mtu akipaniki mkono hufanya ulichozoea. Madobi wana tabia yao: kabla ya kuweka pasi kwenye nguo, unalamba kidole na kuigusa chap, usikie kama imepata moto. Dobi alilamba kidole. Kioo kikawaka, naye akashukuru Mungu, akalamba tena, akagusa tena, mate yakatapakaa juu ya namba zote. Kitasa kikasoma namba alizogusa na asizogusa. Kikapiga king'ora, kikawa chekundu, kikajifunga.

Alimpigia simu mdogo wake. Mtaalamu akamwambia asikiguse tena, kila akikosea kinajifunga kwa muda mrefu zaidi. Yeye yuko njiani. Fundi viatu alikuja mbio na nyundo akaupiga mlango mpaka jasho likamtiririka. Mlango ulikuwa mzuri, hilo lazima lisemwe. Madirishani nako nondo, kazi ya Mtaalamu huyo huyo. Dobi akalala kifudifudi kizingitini, mdomo kwenye upenyo wa chini, akawa anamsemesha mama asije akasinzia. Alikuwa akilia, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira.

Mtaalamu alichelewa. Alipofika ikajulikana kwa nini: alikuwa amempitia mteja, bibi mmoja mwenye maduka, aje aone kitasa kikifanya kazi kwenye nyumba yenye watu. Nyumba ya mama yake ilikuwa ndiyo sampuli. Muda wa kitasa kujifunga ulikuwa umekwisha; alitoa kitambaa, akafuta mate ya dada yake, akagusa namba zake kwa kidole laini. Mlango ukalia tik, ukafunguka.

"Unaona?" alimwambia mteja. "Mguso mmoja tu."

Dobi alimsukuma kando nusura amwangushe. Mama alikuwa sakafuni, mguu umempinda vibaya. Upande wa ndani wa mlango kioo kilikuwa kimejaa alama za vidole, na chini ya kioo alama zilishuka kwenye chuma hadi chini.

"Usimgombeze mwenzio," mama alimwambia Dobi. "Mimi ndiye nisiyejua kugusa."

Dobi aliuchukua mkono wa mama yake, ule mkono mkavu wa kidobi, akaubandika shavuni kwa Mtaalamu, akaukandamiza.

"Mkono huu unausikia?"

Mtaalamu hakuthubutu kujitoa. "Nausikia, dada."

"Kioo chako hakiusikii. Basi wewe na kioo chako, nani mwenye akili?"

Mteja aliondoka bila kuaga. Mtaalamu na fundi viatu walimbeba mama kwenye kiti wampeleke garini, Dobi akiushika mguu usitikisike. Walipofika barazani mama akawasimamisha. Aliinua uso, akafumba macho, jua likimpiga usoni na kifuani.

"Ngojeni kidogo," alisema. "Nimelikosa sana hili jua."

Mtaalamu alisimama pale na uzito wa mama yake mikononi. Dobi alimwona anavyokumbuka, asubuhi baada ya asubuhi, mama akimwambia jua kali naye akiitikia haya mama, pumzika ndani. Aliona machozi yakimjaa. Hakumwonea huruma hata chembe. Alimngoja mama ashibe jua lake, kisha akamwambia mdogo wake atembee, na asimtikise.