Kalenda Iliyoanza na Jumamosi

Mama Pacha alikuwa kwenye majaribio katika duka la uchapaji, na Bosi hakumficha: "Kalenda aliyoagiza mwoka mikate awagawie wateja wake ndiyo mtihani wako. Ukiipatia, kazi ni yako. Ukiiharibu, rudi nyumbani ukabembeleze watoto wako pacha."

Jioni hiyohiyo, kwenye masomo ya watu wazima, mwalimu akafundisha asili ya majina ya siku. Kumbe juma limetokana na mkusanyiko wa sala ya Ijumaa! Sala ikipita, hesabu inaanza upya: mosi, pili, tatu. Na Alhamisi nayo ni tano ya Kiarabu, inayohesabiwa kutoka Jumapili, ndiyo maana imepanga mlango kwa mlango na Jumatano, tano ya Kiswahili, na hazigombani. Mama Pacha alirudi nyumbani akijiona amefumbuliwa macho.

Kesho yake akaipanga kalenda kama majina yenyewe yanavyotaka: Jumamosi mbele, Ijumaa nyuma. Bosi akaitazama picha ya mkate, akahakiki namba ya simu, akasema, "Chapa."

Sasa nani husoma majina ya siku kwenye kalenda? Watu hutazama safu tu. Mbili za mwisho ni mapumziko, basi. Kalenda zilipogawiwa, mtaa ukaenda kombo. Alhamisi, iliyokaa mahali pa Jumamosi, kinyozi alifunga duka, akabaki kushangaa mbona watoto wa jirani wamekwenda shule. Mjomba mmoja alitinga harusini na suti yake, akamkuta bibi harusi anafua mashuka. Mwoka mikate mwenyewe aliuchapa usingizi mpaka wateja wakamgongea dirisha.

Akaja dukani mbio, kalenda mkononi. "Nani kaweka Jumamosi mbele?"

Bosi akanyoosha kidole bila hata kugeuka. Mama Pacha akasimama.

"Ni mimi, baba. Lakini mosi si ndiyo mwanzo? Hebu hesabu."

Mwoka mikate akahesabu kwa vidole, midomo ikitembea. Akarudia. "Lahaula! Mimi nimezaliwa Jumatatu. Miaka yote najitapa kwamba nimefungua wiki, kumbe nimetanguliwa na wawili!"

"Pole, baba."

"Pole ya nini? Leo mke wangu kaniletea chai kitandani, akidhani naumwa. Tangu tuoane sijaonja raha hiyo!" Akacheka mpaka unga ukamdondoka kwenye nyusi. "Bosi, usimguse binti huyu."

Bosi akakohoa. "Mwaka ujao ataanza na Jumatatu, kama watu wengine."

"Mwaka ujao, Bosi?" Sauti ya Mama Pacha ilitoka nyembamba kama uzi.

"Umekuwa kiziwi? Kazi umepata. Wewe panga vichwa vya safu sawasawa, nami nitajifunza kuvisoma."

Akakimbilia nje kumpigia simu mama mkwe, aliyekuwa na pacha.

"Mama, kazi nimepata!"

"Hongera, mwanangu! Unaanza rasmi lini?"

"Jumatatu."

"Vizuri. Mwanzo kabisa wa wiki."

Mama Pacha akafungua mdomo. Kisha akaufunga. Fujo ya siku moja ilitosha.