Waamishi Walivyomwezekea Mama

Usiku wa jana nilirudi kutoka kazini nimechoka, nikalala na viatu, na ndotoni nikajikuta nimekata tiketi ya kwenda kuwatalii Waamishi. Hawa ni Wakristo wa mashambani, huku huku Ohio, Marekani, ninakofanya kazi ya kutunza wazee. Hawatumii umeme wa gridi, wanatembea na magari ya farasi, na hawapendi kupigwa picha. Watu hulipa kwenda kuwatazama wakianika nguo. Mimi sikutaka kwenda. Nilitaka kulala, ila kwa kuwa tayari nilikuwa nimelala, nikakosa kisingizio.

Nikateremka kwenye basi na Redempta, dada mmoja wa Bukoba tunayesali naye. Wazo la safari lilikuwa lake. Getini alikuwepo farasi wa kahawia, amevaa kofia ya mabua, anakagua wageni.

"Una nini kinachotumia umeme?" ananiuliza.

"Simu tu."

"Simu ina betri. Betri tunaivumilia. Na huyo nyuma yako?"

Nikageuka. Nyuma yangu alikuwa amesimama uchovu wangu. Alikuwa mnene kuliko nilivyodhani, amevaa sare yangu ya kazini.

"Huyo ni uchovu wangu. Nimetoka naye kazini."

Farasi akamnusa. "Huyu amekuzwa kwa taa za umeme. Haingii."

"Bwana farasi, hana pengine pa kwenda."

Farasi akafikiri. Yeye mwenyewe alionekana hakulala vizuri. "Basi akae nyuma ya gari, na asiguse kitu."

Farasi akajifunga kwenye gari, akaanza kutuvuta huku akiulalamikia mgongo wake. Mwenye gari alikuwa Mzee Menno, Mwamishi mwenye ndevu ndefu na mdomo wa juu umenyolewa safi.

"Shikamoo, mzee," nikamwambia.

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Makete, Tanzania."

"Ahaa, kwenye viazi," akasema. Hakuna aliyeshangaa.

Redempta ni mtu wa picha. Hata msibani hupiga. Alipomwona ng'ombe malishoni, akatoa simu, akampiga. Ng'ombe akatoweka. Pakabaki nyasi zilizolala tu. Tukachungulia kwenye simu ya Redempta, tukamkuta humo, anacheua.

Mzee Menno anasimamisha gari. "Dada, tunaomba ng'ombe wetu."

"Nimempiga picha tu, baba."

"Ndiyo. Picha inachukua. Tumeandika pale kwenye kibao."

Kibao cha pembeni ya barabara kikakohoa. "Nimeandikwa kweli," kikasema, "ila hakuna anayenisoma."

Redempta akaifuta picha. Ng'ombe akarudi mahali pake, akapepesuka kidogo, akaendelea kula. Hapo kengele ikalia, na kutoka kila shamba wakaanza kuja wanaume wameshika nyundo.

Kwa Waamishi, mtu akipungukiwa na ghala au nyumba, jamii nzima hufika asubuhi, na jioni paa liko juu. Nikauliza, kama mtalii yeyote, "Leo mnamjengea nani?"

"Yule ambaye mama yake analala jikoni," akajibu Mzee Menno.

Wote wakanitazama, na farasi pia.

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mama yangu analala kwenye jiko la nyasi. Nyumba ninayomjengea ilipanda hadi usawa wa renta, juu ya milango na madirisha, ikakwama hapo. Kila mwaka najibana ninunue mabati, na kila mwaka linatokea jambo.

Tukavuka uzio wa mbao, na upande wa pili ilikuwa Makete. Baridi ni ile ile na ukungu ni ule ule. Kuta ziko wazi, majani yameota sebuleni. Mama anatoka jikoni kwake, amejifunga kitenge juu ya koti la sufu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sasa mwanangu, unakuja na watu wote hawa na husemi? Viazi vitatosha kweli?"

"Mama, hata mimi sikujua kama nakuja."

"Wewe huwa hujui." Akawageukia wanawake wa Kiamishi, ambao tayari walikuwa wamekaa na visu. "Haya jamani, tumenye."

Mzee Menno akavua kofia. "Mama, mvua inafika saa ngapi?"

"Ikifika, imefika."

Wingu zito lilikuwa limeshakaa mlimani. Wanaume wakapanda. Hakuna aliyetoa amri. Mbao zinapita mkono kwa mkono, na kila msumari unasema "tayari" kabla haujagongwa. Nikapewa nyundo.

"Sijawahi kupaua nyumba," nikaiambia.

"Mikono yako imezoea kugeuza wagonjwa," ikasema. "Nishike hivyo hivyo."

Nikagonga. Uchovu wangu alitaka kupanda ngazi anisaidie, akakumbushwa asiguse kitu.

Bati la mwisho lilipokaa, nikashuka, nikarudi nyuma nilione paa. Machozi yalinilenga. Nyumba hii naijua kwa picha tu. Ezekia, mdogo wangu, ndiye hunitumia: leo msingi, kesho tofali. Nikitoka kazini nazitazama kabla hata sijala. Basi mkono ukatoa simu wenyewe, na kabla Redempta hajapiga kelele, nikawa nimeshapiga.

Paa likatoweka. Wanaume walibaki wamesimama hewani na nyundo zao. Waamishi hawana haraka, hata ya kuanguka.

"Bwana Tweve," Mzee Menno akaniita kutoka juu, "tunaomba paa."

Nikalitazama kwenye simu. Lilikuwa linang'aa, zuri kuliko nilivyowahi kuliwaza.

"Ukifuta, hutaliona tena," simu ikaniambia kwa upole. "Ukiacha, utaliona kila siku. Una uhakika?"

Sikuwa na uhakika. Huku Ohio nalala chini ya nyumba ya watu, chumba hakina dirisha, na sijui ni lini nitapata vibali vya kwenda nyumbani na kurudi, nikaone kwa macho yangu. Picha ile ingeniamsha asubuhi nyingi. Uchovu wangu akaja, akaniwekea kidevu begani, akasema kwa mara ya kwanza, "Tuondoke nayo. Tutapumzika."

Mama alikuwa ameingia ndani kukagua chumba chake. Tone la kwanza likamwangukia usoni. Hakulalamika. Alijifuta kwa ncha ya kitenge, akasogea akabana ukutani, pale anapojua upepo haumfikii. Alifanya hivyo bila hata kutazama juu, na roho ikaniuma kuliko kama angelia.

Nikafuta.

Paa likashuka kwa kishindo, wanaume wakalikanyaga, wakaendelea kugonga. Nikataka kuingia, angalau nisimame na mama chini yake. Farasi akanishika shati kwa meno.

"Basi linaondoka."

"Hata kuingia kidogo?"

"Wewe umejenga. Anayeingia ni mama."

Nikaamka. Simu ilikuwa inalia. Ni mama, na mama hapigi kamwe. Mimi ndiye humpigia.

"Shikamoo, mama."

"Unasemaje? Sikusikii!"

"Nasema shikamoo! Uko wapi?"

"Niko chumbani kwangu! Mvua, baba! Inapiga mabati huku, ngoja ipungue kwanza!"

Jiko la nyasi halina kelele. Mvua hulinyeshea kimya kimya. Hii ilikuwa inanguruma. Mama akaendelea kuongea na sikumwelewa hata neno moja. Sikumwomba picha. Nilikaa kitandani, simu sikioni, nikausikiliza ule mshindo wote mpaka mvua ya Makete ilipokatika. Kazini nilichelewa sana.