Nyoka wa Miguu ya Edith

Rigobert Kabwe alikuwa karani wa stesheni ya reli pale Élisabethville, na tangu apewe meza na kalamu ya wino, hapakuwa na jambo alilokubali kuwa halijui. Kwa hiyo Delphine hakushangaa kusikia kwamba shemeji yake amemwita baba mkwe, Jumapili baada ya misa, ili amweleze ugonjwa wa mkewe. Delphine mwenyewe alikuwa na mwaka wa nne akisaidia wakunga katika zahanati ya cité, mtaa wa Waafrika. Hakuna aliyefikiria kumwita. Alikuja tu.

Alimkuta dada yake Edith ameketi, miguu imefunikwa kitenge. Baba yao, mzee Mwape, alikuwa kando, kofia magotini.

"Baba mukwe, tusidanganyane," Rigobert akasema, amesimama kama padri. "Edith iko na nyoka mu miguu. Bantu ba kwenu Lukafu njo banamutumia ile nyoka kwa uchawi. Arudi kule, bamutolee."

Delphine akapandisha kitenge kidogo. Mzee akageuza uso. Mishipa ya buluu ilikuwa imevimba na kujipinda toka goti hadi kifundo. Mimba tano, na miaka kumi ya kusimama akipiga pasi mashati ya bwana huyu huyu. Nyoka! Delphine alitaka kucheka, akaona hata kicheko ni heshima kubwa mno kwake.

"Shemeji, leta mukono," akasema, akifungua kitambaa chake cha kichwa.

"Ya nini?"

"Muntu mwenye kujua yote anaogopa kitambaa?"

Akamfunga kile kitambaa juu ya kiwiko, si kwa nguvu sana, mpaka mshipa ukatuna. Akaubana karibu na kifundo cha mkono kwa kidole kimoja, na kwa kingine akaisukuma damu kuelekea kiwiko. Mshipa ukalala bapa. Damu ya juu ikabaki juu.

"Mbona haishuke?" mzee Mwape akauliza, akisogeza kiti.

"Moyo unasukuma damu mu mishipa minene mpaka ku vidole, baba. Kurudi, inapita humu, mu mishipa laini, na nguvu imekwisha. Basi ndani muko milango midogo. Damu ikipanda, inafunguka. Ikitaka kushuka, inafungana. Ukitembea, nyama ya mguu inaiminya ipande. Ukisimama siku yote, ukibeba mimba, milango inalegea, damu inajaa chini. Njo ile nyoka."

Rigobert akauvuta mkono wake. "Huu ni mukono. Miguu iko mambo ingine."

"Basi pandisha suruali."

"Mbele ya baba mukwe?"

Edith akasema taratibu, "Naye iko nayo. Mguu wa kushoto. Njo maana anavaa soksi ndefu hata wakati wa joto."

"Ya kwako ilitoka wapi, shemeji?" Delphine akauliza. "Nayo ni ya Lukafu?"

Mzee Mwape akakohoa ndani ya kofia yake. Habari ya Lukafu ikafia pale pale. Edith akainua miguu, akaiweka juu ya kiti cha mumewe, kile chenye mto, akaomba maji. Na Rigobert, kwa kukosa mahali pa kuweka macho, akaenda kuyaleta.

Aliporudi akamwinamia Delphine. "Na miye, nifanye namna gani?"

"Utembee, usisimame sana. Ukilala, inua miguu. Na funga mudomo. Haitaponya mushipa, lakini sisi tutapumua."